Picha ya Kinanda kwenye Simu ya Mama

Mama alikuwa opareta wa simu katika kiwanda kikubwa cha nguo, enzi zile ambazo kila simu iliyoingia kiwandani ilipita kwanza mikononi mwake. Alikaa kwenye kachumba kenye dirisha moja, vipokea sauti masikioni, mbele yake ubao wa matundu na waya. Kwa sauti tu alijua nani anapiga, anamtaka nani, na kama anayetakiwa hayupo kweli au amejificha. Mabosi walikuja wakaondoka, yeye akabaki. Mjini kulikuwa na watu ambao hawakuwahi kumwona lakini walimfahamu. Akienda sokoni akaulizia bei ya vitunguu, muuzaji anaacha kupima, anamkazia macho: "Wewe si ndiye yule wa 'subiri kwenye laini, tafadhali'?" Mama anacheka, na vitunguu vinaongezwa viwili juu.

Kwa hiyo siku alipopiga simu ofisi ya maji na kuongea nao muda mrefu akiamini anaongea na kaka yake, nyumba nzima ilicheka. Hata yeye alicheka. Lakini alipoanza kuigeuzageuza simu mkononi kama mtu anayetafuta mlango wake, akiiuliza, "Haya, wewe unafunguliwa wapi?" walioko sebuleni hawakucheka tena. Daktari wa hospitali alieleza mengi. Yaliyobaki vichwani mwao ni kwamba ugonjwa ule wa kusahau haukimbii, ila haurudi nyuma.

Aliishi na binti yake mkubwa, ambaye kila mtu, pamoja na wateja wake, alimwita Dada. Dada alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha la sebule, na tangu asubuhi mpaka jioni nyumba ililia tik-tik-tik. Binti mdogo alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea utengenezaji wa programu za kompyuta. Kwa kuwa alizaliwa mwisho walimwita Kitinda, naye akalizoea jina hadi akawa anaitikia hata likisemwa na wahadhiri.

Mwaka ule Kitinda alikuwa akifundishwa na mwalimu mmoja mfupi, mwenye miwani ya kamba shingoni, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bibi Kimya. Somo lake lilihusu namna watu wanavyotumia mashine na namna ya kutengeneza programu isiyomtesa mtu. Siku ya kwanza aliingia na jiko la umeme, lile dogo la kupashia chakula, akaliweka mezani na kumwita mwanafunzi aliyekuwa akijisifu kuliko wote.

"Rekebisha saa yake," alimwambia.

Kijana akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Jiko likawaka, likazunguka tupu, likapiga kelele. Darasa likavunjika mbavu. Bibi Kimya alisimama kando, mikono nyuma, hakusema kitu mpaka kijana akaloa jasho.

"Sasa niambieni. Hapa mjinga ni nani?"

"Mimi, mwalimu," kijana akasema.

"Hapana. Aliyelitengeneza hayumo chumbani, ndiyo maana aibu imekuangukia wewe. Nyinyi mtakuwa hamumo chumbani maisha yenu yote. Kazi yenu ni kuhakikisha aibu haimwangukii mtu ambaye hana kosa."

Kisha akawapa kanuni iliyompatia jina. "Ukimweka mtu mbele ya kazi yako, ziba mdomo. Usimwelekeze, usimnyooshee kidole, hata kukohoa usikohoe. Pale anapohangaika ndipo pa kurekebisha. Ukimsaidia, umeficha ugonjwa."

Kitinda alitoka darasani siku ile akiwa ameshaamua. Mradi wake wa mwisho ungekuwa simu ya Mama.

Alianza na skrini moja yenye picha kubwa za watu: Dada, yeye mwenyewe, Mjomba, na jirani wa mlango wa pili ambaye alikuwa muuguzi. Hakuna namba, hakuna maandishi. Unagusa uso, simu inaita. Aliona ni rahisi mno, karibu aone haya kuita kitu hicho mradi.

Jumamosi moja akaja nyumbani na kompyuta yake, akamkalisha Mama kwenye kochi, akasimamisha kamera ndogo mezani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Karibu ukae."

"Mama, nataka unisaidie kitu. Hebu mpigie Mjomba kwa simu hii."

Mama aliipokea simu kwa mikono miwili. Akaitazama mbele na nyuma. "Simu gani hii haina mkia?" akauliza, na Dada kule dirishani akacheka. Mama akagusa picha ya Mjomba, lakini alibonyeza akashikilia, kama mtu anayepiga muhuri, na picha badala ya kuita ikang'oka mahali pake ikaanza kuelea. Akatoa kidole upesi. Akamtazama Kitinda.

Kitinda alinyamaza. Alimtazama Mama huku ameshika kalamu, uso ameulainisha jinsi walivyofundishwa, usionyeshe furaha wala masikitiko.

"Nimeharibu?" Mama akauliza.

"Endelea tu, Mama. Fanya unavyoona."

Mama hakuendelea. Aliiweka simu mapajani, akaifunika kwa upande wa kanga yake.

Kitinda akarudi chuoni akarekebisha. Akazuia picha zisihame hata zikibonyezwa kutwa. Akagundua kuwa vidole vya Mama vikavu havishikwi vizuri na kioo, akaongeza nafasi ya kila uso. Akaona kwamba kila Mama akishika simu huipeleka kwanza sikioni, akisubiri mlio, kama walivyozoea watu wa zamani. Basi akaifanya simu ikiinuliwa tu ianze kutoa ule mlio wa zamani wa laini iliyo wazi, mnene na mrefu.

Siku Mama alipousikia, mgongo wake ulinyooka. Akagusa uso wa Mjomba. Simu ikaita. Mjomba akapokea, na ndugu hao wawili wakagombana kwa furaha kuhusu shamba la baba yao mpaka chai ikapoa. Dada alisimamisha cherehani kusikiliza. Kitinda alikwenda jikoni akalia huku akicheka, kisha akarudi kuandika kwamba jaribio limefaulu.

Lakini halikufaulu lote. Mama alipiga simu vizuri kwa siku kadhaa, halafu akaanza kutafuta. Anaiinua simu, anasikiliza mlio, anapitisha kidole juu ya nyuso moja baada ya nyingine bila kugusa. Anaigeuza anatazama mgongo wake. Anaiweka chini, anaichukua tena. Kitinda akadhani nyuso ziko karibu mno, akazitenganisha. Akadhani picha zina giza, akapiga nyingine kwenye mwanga. Jumamosi baada ya Jumamosi alikuja na kompyuta yake, akakaa mbele ya Mama, akanyamaza, akaandika. Mama aliendelea kutafuta.

Mwishowe alimpelekea Bibi Kimya video. Mwalimu akavaa miwani, akaitazama mara mbili.

"Huyu hajapotea," alisema. "Mtu aliyepotea anabonyeza ovyo. Huyu anajua anachokitaka, wewe ndiye hukukiweka. Umemuuliza?"

Kitinda alikuwa hajamuuliza.

Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye kochi, karibu na Mama, na Mama alipoanza kupitisha kidole, akamuuliza taratibu, "Unamtafuta nani, Mama?"

"Kinanda," Mama akajibu, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Kinanda mmemweka wapi humu?"

Cherehani ya Dada ilisimama.

Kinanda alikuwa kaka yao, mtoto wa kwanza wa Mama. Alipewa jina hilo kwa kuwa tangu utotoni hakuweza kufanya kazi bila kuvumisha nyimbo puani. Alipokua akawa dereva wa lori la masafa marefu. Miaka kadhaa nyuma, akiwa njiani kurudi nyumbani, lori lilimshinda kwenye mteremko, likapinduka. Walimzika. Mama alikuwepo mazishini, tena ndiye aliyewapoza wengine. Kisha ugonjwa ukaja ukamnyang'anya kumbukumbu za msiba ukamwachia mtoto. Mara ya kwanza alipomuulizia, Dada alimweleza ukweli, na Mama akaanguka chini akalia kama aliyeletewa habari saa ile. Mara ya pili ilikuwa vilevile. Tangu hapo wakakubaliana jibu liwe moja: yuko safarini.

"Yuko safarini, Mama," Dada akasema bila kugeuka.

"Najua yuko safarini. Kwani walio safarini hawapigiwi simu?"

Dada aliinuka akaelekea jikoni, Kitinda akamfuata.

Jikoni, wakiwa wawili, Dada alimshika Kitinda mkono. "Najua unachofikiria. Usithubutu."

"Ni simu yake, Dada. Anatafuta kutwa."

"Na akipiga? Atapokea nani, malaika?"

"Nitaifanya ije kwangu. Nitamwambia Kinanda ameacha simu, atapiga baadaye."

"Baadaye lini?" Dada akauliza. "Wewe unakuja Jumamosi unaondoka. Mimi ndiye ninayebaki na hiyo baadaye."

Kitinda alisema maneno ambayo hakupaswa kuyasema, kwamba Dada ameshazoea kumwona Mama akihangaika. Dada alimwachia mkono, akarudi kwenye cherehani. Kitinda akaweka picha ya Kinanda, ile aliyopigwa akiwa ameegemea mlango wa lori, kofia imekaa upande. Mama akaiona. Aliishika simu kifuani.

Simu ya kwanza ilimkuta Kitinda kwenye maabara ya kompyuta, mchana. Aliiona skrini yake imejaa uso wa kaka yake, unaita.  Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akapokea. Alikuwa amejiandaa vizuri la kusema, lakini Mama alimtangulia.

"Kinanda," Mama akasema. "Usiseme kitu, baba. Najua unaendesha. Shika usukani kwa mikono miwili, sikiliza tu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya zamani. Kinanda alipokuwa hai Mama alimkataza kabisa kuongea akiwa barabarani. Alimtaka afungue sauti ya simu, amsikilize. Kitinda alikuwa amesahau. Mama hakusahau.

"Umekula? Usinijibu. Najua hujala. Ukifika pa kupumzika ule kitu cha moto, usishindie soda. Hapa kuna jua. Yule fundi anashona tu, kutwa anashona, kichwa changu chote kinalia. Haya, nenda salama, baba."

Akakata. Kitinda alibaki kwenye ngazi na simu mkononi mpaka kipindi kikapita.

Baada ya hapo Mama alipiga karibu kila siku, na Kitinda alipokea, akanyamaza. Alikuwa mwepesi wa kunyamaza. Ndicho alichofundishwa mwaka mzima. Mama alimsimulia Kinanda mambo ambayo Kitinda hakuwahi kuyasikia: jinsi bosi mmoja wa kiwanda alivyokuwa akimpigia mkewe kila saa nne kumwambia yuko kwenye mkutano, huku amekaa mgahawani ng'ambo ya barabara, jinsi yeye Mama alivyokuwa akimjua baba yao kwa pumzi tu, kabla hajasema neno, siku zile akimtongoza kupitia laini za kiwanda. Kitinda aliziba mdomo kwa kiganja asicheke kwa sauti. Alianza kuzisubiri simu zile. Alipoona uso wa kaka yake ukiita, moyo ulimruka, na wakati mwingine, kwa dakika nzima, alisahau kwamba maneno hayakuwa yake.

Mama naye alitulia. Aliacha kuigeuzageuza simu. Hata Dada, ambaye alikuwa haongei na mdogo wake isipokuwa la lazima, siku moja alimtumia ujumbe mfupi: *Leo amekula vizuri.*

Kisha ikaja simu ya Alhamisi.

Kitinda alikuwa amekaa palepale kwenye ngazi. Mama alianza kwa hali ya hewa, akapita kwenye chakula, halafu akashusha sauti kama anayechelea kusikika.

"Kinanda, nina neno. Mdogo wako haji tena."

Kitinda aliinuka kwenye ngazi.

"Kitinda wangu. Sijui nimemkosea nini. Zamani akitoka shule anakuja moja kwa moja mapajani, hata viatu havui. Sasa haji. Anakuja msichana mmoja wa kompyuta. Ni mpole, sina neno naye, ananiamkia vizuri. Lakini ananikalisha kama mtu wa kufanya mtihani. Ananipa kitu nikibonyeze, anakaa mbele yangu, ananitazama. Nikikwama ananitazama tu. Hanisaidii, Kinanda. Namwangalia nimwombe, nashikwa na aibu. Anaandika. Najua anaandika makosa yangu." Mama akapumua. "Usinijibu, unaendesha. Lakini ukifika, mtafute mdogo wako. Mwambie Mama anauliza, atakuja lini?"

Miezi yote ile Kitinda alikuwa ameingia, ameamkia, ameitikiwa "marahaba mwanangu, karibu," na hakuna siku aliyojiuliza kama Mama anamjua. Mwanangu ni neno ambalo Mama alimwambia kila kijana aliyeingia mlangoni, mpaka muuza mkaa.

"Mama," akasema. Lilimtoka bila kulipanga. "Mama, ni mimi. Kitinda. Niko hapa."

 Kisha ikaja sauti ambayo Kitinda alikuwa hajaisikia tangu utotoni, alipokuwa akienda kumsubiri Mama kwenye kale kachumba ka kiwandani: sauti safi, ya adabu, isiyo na mtu ndani yake.

"Samahani. Laini hii ina watu wanaoongea. Tafadhali toka kwenye laini."

"Mama..."

"Tafadhali toka kwenye laini." Na simu ikakatwa.

Kesho yake Kitinda hakwenda chuoni. Alikwenda nyumbani, bila kompyuta, bila kamera. Mama alikuwa amelala chumbani. Dada alimwona usoni, akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Kitinda alimweleza yote akiwa amesimama katikati ya vipande vya kitambaa, akimalizia na ile laini yenye watu.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kimto.

"Mimi ananiita fundi," alisema. "Tangu kabla hujaleta hiyo simu. Kila asubuhi namwogesha, namvika, halafu ananiuliza nguo zake nitazimaliza lini. Jana ameniambia mimi ni mzuri ila nachelewesha kazi za watu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaingia na mashine yako, uso umekuchangamka. Mama anakuitikia mwanangu, unafurahi. Nikasema, mmoja wetu angalau awe na mama."

Kitinda alikaa chini, palepale kwenye vitambaa. Dada akashuka kwenye kiti, akakaa naye. Walilia kwa kujizuia, ili Mama asiamke, halafu Dada akasema, "Nachelewesha kazi za watu, mimi!" na kicheko kikawatoka pamoja na machozi, kikawaumiza mbavu. Kitinda akaomba radhi kwa yale maneno ya jikoni. Dada akasema aliyasahau, kisha akasema hapana, hakuyasahau, ila yamepita.

Mama alipoamka, Kitinda alimletea maji ya kunawa. Akamchana nywele, akampaka mafuta miguuni, akiona ngozi ya visigino ilivyopasuka, kitu ambacho kamera haikuwahi kukiona.

"Leo hukuja na kile kitu chako?" Mama akamuuliza.

"Sikuja nacho."

"Afadhali," Mama akasema, akanyoosha mguu wa pili.

Jumatatu Kitinda alimwendea Bibi Kimya ofisini, akamwambia anaacha mradi. Alieleza sababu. Mwalimu alivua miwani ikaning'inia.

"Nilikufundisha kunyamaza," alisema. "Sikukufundisha kwamba kuna mtu mwingine mle chumbani mbali na mtumiaji. Hilo halimo kwenye somo langu. Pengine lilipaswa kuwemo."

"Mimi ndiye ninayemjua Mama, mwalimu. Wewe humjui."

"Hapana, simjui." Bibi Kimya hakujitetea zaidi. "Usiache mradi. Ziache video. Programu ni nzuri, itawafaa wengine na mama zao. Za mama yako zifute zote."

Akazifuta. Aliwatafuta wazee wengine wa kuijaribu, na safari hii aliandamana na watoto wao, akawaacha wakae wawili, mzazi na mwanawe, yeye akiwa pembeni. Wakati wa kuutetea mradi, mmoja wa waliomhoji alimuuliza kwa nini utafiti wake unaanzia katikati, mwanzo uko wapi. Akasema mwanzo ulipotea. Walimpa alama za kutosha kupita.

Mama aliendelea kumpigia Kinanda, lakini simu zilikuwa fupi, maneno yakikatika njiani. Mara nyingine alisahau alichotaka, akavumisha kidogo, akakata. Kitinda hakuthubutu tena kufungua mdomo. Alipokea akiwa chuoni, alipokea akiwa kwenye kazi yake ya kwanza katika kampuni ya kutengeneza programu, akitoka mezani na kusimama kwenye varanda. Na kila Mama alipouliza, "Mdogo wako umemwona?" alibana simu sikioni, kwa kuwa hapo tu, katika dunia nzima, ndipo Mama alipokuwa akimtaja.

Siku moja jioni, jua likiwa bado liko juu ya paa, Mama alipiga simu, sauti yake imechoka sana.

"Kinanda. Safari hii imekuwa ndefu, baba. Umefika?"

Hakusema usinijibu. Hakusema unaendesha. Alisubiri. Kitinda alisikia cherehani ya Dada kwa mbali, tik-tik-tik, na pumzi za Mama.

Akaishusha sauti yake chini kadiri alivyoweza. "Nimefika, Mama."

"Umefika salama?"

"Salama."

"Alhamdulillahi." Mama alishusha pumzi ndefu. "Na mdogo wako? Umempata?"

Kitinda alifumba macho.

"Nimempata. Niko naye hapa."

"Haya basi. Kaeni vizuri. Msigombane." Na akakata taratibu, kama mtu anayefunga mlango ambapo watoto wamelala.

Mama hakupiga tena. Kitinda alisubiri kesho yake, na siku zilizofuata. Alimwuliza Dada kama simu imeharibika. Dada akasema haijaharibika, iko kwenye kabati, Mama haitafuti. Wala Kinanda hamuulizii. Wala Kitinda. Analala vizuri, anakula, hahangaiki. Dada alisema hayo kwa shukrani, na Kitinda alishukuru pia, kisha akaenda kusimama kwenye varanda ya kazini bila simu yoyote kuita.

Siku hizi anakwenda kila Jumamosi na mara nyingine katikati ya wiki. Anabeba matunda laini, anayamenya, wanakula wote watatu. Mama amekuwa mwepesi, mpole, mchangamfu kwa wageni. Juzi walikaa mlangoni upepo ukipita, Kitinda akimsugua mikono, na Mama akamtazama usoni kwa muda, akampenda.

"Una mikono mizuri," alimwambia. "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Amekulea vizuri. Ukirudi nyumbani, mpe salamu zangu nyingi."

Kitinda aliendelea kumsugua vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho.

"Zimefika," alisema.